Kutoka Nyanda za Juu Kusini hadi Bandari ya Sydney: Namna ya Kulizuru Jumba Kuu la Sanaa

Mtu wa Mbeya au Iringa anayepata safari ya Sydney, iwe ya masomo, ya mkutano wa kahawa au ya kumtembelea ndugu aliyehamia huko, kwa kawaida hupiga picha mbele ya Opera House, huvuka daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1932, kisha hurudi alikofikia akiamini kwamba mji ameshauona. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo, juu ya ghuba ya Woolloomooloo, lipo jumba la Art Gallery of New South Wales ambalo wengi wetu hulipita kwa sababu mbili: tunadhani kiingilio chake ni kikubwa, na tunadhani kwamba asiyesomea sanaa hana la kufanya humo. Sababu ya kwanza haina msingi, kwa kuwa kuingia na kutazama mkusanyiko wa kudumu ni bure kwa mtu yeyote, raia au mgeni, na hutaulizwa hati yoyote. Jumba hilo ni mali ya umma wa jimbo la New South Wales, na historia yake inaanzia mwaka 1871. Sababu ya pili ndiyo inayohitaji maelezo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaihusu.

Maandalizi ukiwa bado nyumbani

Ningemshauri msafiri aanzie Iringa mjini, katika Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Lengo la kwenda huko si kujifunza historia ya Wahehe peke yake, ingawa hilo nalo lina faida yake, bali ni kuyazoeza macho. Chagua kitu kimoja tu kati ya vilivyowekwa humo, ukitazame kwa muda mrefu kabla ya kusoma maelezo yake, ujiulize kimetengenezwa kwa nini, na nani, na mkono wa fundi umeonekana wapi, ndipo usome kilichoandikwa na kurudi kukitazama tena. Anayeweza kufanya hivyo kwa chombo cha nyumbani au silaha ya kale anaweza kufanya hivyo mbele ya mchoro wowote duniani. Aliye Mbeya na hana nafasi ya kufika Iringa anaweza kufanya zoezi hilo hilo kwa kinyago au picha yoyote iliyotengenezwa kwa mkono. Kinachotakiwa ni subira.

Jambo la pili ni tovuti ya jumba lenyewe, ambayo inaonyesha picha za kazi zilizomo pamoja na maelezo yake na, muhimu zaidi, kama kazi fulani kwa sasa imetundikwa au imehifadhiwa stoo. Hakuna jumba la aina hii linaloonyesha kazi zake zote kwa wakati mmoja. Ukiwa na bando la kutosha, tenga jioni moja uchague kazi zisizozidi kumi, uandike majina yake na ya wasanii kwenye daftari au simu, na uhakikishe tena siku moja kabla ya kwenda. Atakayeingia bila orodha atajikuta anatembea chumba hadi chumba kwa kasi ya mtu anayetafuta choo, na akitoka hatakumbuka hata picha moja.

Kuhusu mavazi, watu wa Njombe na Makete hawana la kufundishwa. Sydney nayo iko kusini mwa ikweta, hivyo Juni na Julai ni miezi ya baridi huko kama ilivyo kwetu, na sweta linalokutosha Makambako asubuhi litakutosha na huko. Zingatia zaidi viatu, kwa kuwa sakafu ni ngumu na utasimama saa nyingi. Viatu vipya vya kununuliwa kwa ajili ya safari visivaliwe siku hiyo.

Saa na siku ya kwenda

Jumba hufunguliwa kila siku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa Ijumaa Kuu na siku ya Krismasi ambapo hufungwa. Jumatano huongezwa muda hadi saa nne usiku. Binafsi naipendekeza Jumatano jioni kwa anayesoma au kufanya kazi mchana, maana shughuli za ziada kama mazungumzo na muziki hupangwa usiku huo. Lakini anayetaka utulivu aende asubuhi ya siku ya kazi, mara tu milango inapofunguliwa.

Usiende siku ya kwanza baada ya kushuka kwenye ndege. Sydney iko mbele yetu kwa saa saba, na kwa saa nane katika miezi ya joto, kuanzia Oktoba hadi Aprili, wanaposogeza saa zao. Maana yake ni kwamba saa nne asubuhi ya kule ni usiku wa manane au alfajiri ya Mbeya, na mwili utadai usingizi mbele ya picha nzuri kuliko zote. Subiri siku mbili au tatu.

Njia ya kufika

Njia bora kwa mwenye miguu mizima ni kutembea kutoka Circular Quay, yaani gati kuu la vivuko karibu na Opera House, na kupita ndani ya Royal Botanic Garden, bustani iliyoanzishwa mwaka 1816, ukiwa na bahari upande wa kushoto. Ni mwendo wa nusu saa hivi ukitembea bila haraka. Bustani nayo haina kiingilio. Asiyetaka kutembea anaweza kupanda basi namba 441, au treni hadi kituo cha St James au Martin Place na kumalizia kwa miguu kupitia uwanja wa wazi uitwao Domain.

Nauli hulipwa kwa kadi ya usafiri iitwayo Opal au kwa kadi ya benki inayogusishwa kwenye mashine, hakuna konda. Gusisha unapoingia na ugusishe tena unapotoka, kwa sababu anayesahau kugusisha mwishoni hutozwa zaidi. Kabla ya kuondoka Tanzania, uliza benki yako kama kadi inaruhusiwa kufanya malipo nje ya nchi. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo kuvuka barabara hakutakusumbua.

Mlangoni

Utakutana na majengo mawili yaliyo jirani. La zamani, upande wa kusini, ni la mawe ya mchanga na nguzo za mtindo wa Kigiriki, kazi ya msanifu Walter Liberty Vernon, na kwenye kuta zake za nje yameandikwa majina ya mabingwa wa Ulaya kama Michelangelo na Raphael. La pili, upande wa kaskazini, lilifunguliwa Desemba 2022 na lilisanifiwa na kampuni ya Kijapani ya SANAA ya Kazuyo Sejima na Ryue Nishizawa; linashuka ngazi kwa ngazi kufuata mteremko kuelekea bandarini. Tangu mwaka 2024 la zamani linaitwa Naala Nura na jipya linaitwa Naala Badu, majina ya lugha ya Wagadigal, wenyeji wa asili wa eneo hilo la Sydney. Chukua ramani, maana bila majina hayo utapotea.

Ukiingia Naala Badu, usikimbilie picha kabla ya kuutazama ukuta. Kuta ndefu za ndani ni za udongo ulioshindiliwa, tabaka juu ya tabaka, na rangi za matabaka zinaonekana wazi. Yeyote aliyewahi kushiriki ujenzi wa nyumba ya udongo Rungwe au Ludewa atajua kiasi cha jasho kilichomo, na pengine atajiuliza kwa nini sisi tunaona aibu kwa kitu ambacho wengine wamekiweka katikati ya jengo la mamia ya mamilioni ya dola.

Masharti ni machache. Mabegi makubwa huachwa mapokezi ya mizigo, na miavuli iliyolowa vivyo hivyo. Chakula na vinywaji haviingii kwenye vyumba vya maonyesho. Picha unaweza kupiga kwa matumizi yako mwenyewe bila kutumia flashi wala kijiti cha simu, isipokuwa pale palipowekwa alama ya kukataza. Kazi haziguswi, hata kama ni sanamu ya jiwe inayoonekana kuwa haiwezi kuharibika, kwa sababu mafuta ya mikono hujikusanya na kuacha madoa kadiri miaka inavyokwenda. Walinzi wanaosimama vyumbani si polisi. Ni watu wa kuulizwa, na wengi wao hufurahi kuulizwa. Zipo pia ziara za bure zinazoongozwa na watu wa kujitolea, na saa zake hutangazwa mapokezi. Kwa anayesikia Kiingereza vizuri ninazipendekeza sana, ila usiruhusu ziara iwe ndiyo kila kitu. Rudi mwenyewe kwa kazi moja au mbili zilizokugusa.

Anzia kwa wenyeji wa nchi

Wageni wengi huanza na michoro ya Ulaya kwa kuwa jengo la zamani ndilo linaloonekana kama jumba la sanaa. Nashauri kinyume chake. Nenda kwanza Yiribana, sehemu ya sanaa ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait. Sehemu hiyo ilipofunguliwa mwaka 1994 ilikuwa chini kabisa ya jengo la zamani, mahali ambapo mgeni alipaswa kushuka ngazi baada ya ngazi kuifikia. Tangu mwaka 2022 iko kwenye ghorofa ya kuingilia ya jengo jipya, karibu na mlango. Kuhama huko kwenyewe kuna ujumbe, na mtu aliyetoka katika nchi iliyowahi kutawaliwa ataupata upesi kuliko watalii wengine.

Michoro mingi utakayoiona huko, hasa ile ya jangwani, imejaa nukta, duara na mistari, na jicho lisilozoea litaiona kama mapambo ya kitenge. Soma maelezo yake. Mara nyingi ni nchi iliyochorwa kama inavyojulikana na wenye nayo: mahali pa maji, njia ambazo mababu walipita, sherehe zinazohusu eneo fulani na ukoo fulani. Si kila kitu kinaelezwa, kwa kuwa baadhi ya maarifa hayo ni ya waliopewa tu, na mgeni hana haki ya kuyadai. Hilo nalo halitakuwa jipya kwa aliyekulia katika jamii yenye mambo ya jando, unyago au matambiko. Utakuta pia mahali pengine tangazo linaloonya kwamba picha au majina ya marehemu yamo katika onyesho, kwa sababu katika jamii nyingi za wenyeji hao si desturi kumtaja au kumwonyesha aliyefariki bila idhini. Heshimu tangazo hilo unapopiga picha zako.

Kazi moja nakusihi usiikose kama imewekwa wakati wa ziara yako: nguzo 17 za makaburi ziitwazo Pukumani, zilizochongwa kwa mti mgumu na kupakwa rangi mwaka 1958 na wasanii wa Tiwi, visiwa vilivyo kaskazini kabisa mwa Australia karibu na Darwin. Kwa desturi ya Watiwi nguzo kama hizo husimikwa kuzunguka kaburi wakati wa matanga na kuachwa hapo mpaka mvua na mchwa vizimalize. Hizi 17 zilitengenezwa kwa ajili ya jumba la sanaa, na zilipowekwa humo wapo waliouliza kama mahali pake si makumbusho ya mambo ya kale. Wakati huo jibu la jumba, yaani kwamba hii ni sanaa na itasimama panaposimama sanaa nyingine, halikuwa jambo la kawaida hata kidogo.

Hapa ndipo zoezi la Boma la Iringa linapolipa. Kule ulitazama mkuki, kibuyu au kigoda kikiwa kimewekwa kama ushahidi wa historia, na maelezo yalikueleza kilitumiwaje na kabila gani. Mbele ya nguzo za Tiwi maelezo yanaanza na majina ya wachongaji, mmoja mmoja, kama yanavyoanza maelezo ya mchoro wa Mwingereza. Tazama tofauti hiyo kwa makini. Kitu cha aina moja kinaweza kuwekwa kama mfano wa kabila au kama kazi ya mtu mwenye jina, na namna kilivyowekwa hubadilisha jinsi unavyokitazama. Nina hakika vipo vigoda katika makumbusho yetu ambavyo fundi wake alijulikana kijiji kizima, ila hakuna aliyeandika jina lake.

Michoro mitatu katika jengo la zamani

Katika kumbi za zamani za Naala Nura, tafuta kwanza mchoro wa Arthur Streeton wa mwaka 1891 uitwao Fire's On. Ni mchoro uliosimama wima, wenye urefu unaokaribia mita mbili, unaoonyesha mlima mkavu wa njano chini ya anga la buluu kali, na mdomo mweusi wa handaki la reli lililokuwa likichimbwa Lapstone, kwenye milima ya Blue Mountains magharibi mwa Sydney. Simama mbali kwanza. Utaona jua na mawe tu. Kisha sogea, ndipo utawaona watu wadogo mdomoni mwa handaki, wakiwa wamembeba mwenzao aliyepigwa na mlipuko wa baruti. Streeton hakukiweka kifo katikati ya turubai, wala hakukikuza. Kakiacha kiwe kidogo chini ya mlima, na jina la mchoro ni ule ukelele wa kuonya kwamba baruti imewashwa.

Sijui mchoro mwingine katika jumba hilo unaomfaa zaidi mtu wa kwetu. Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ilipopanda kutoka Mlimba kwenda Makambako ilipita katika milima na mabonde yaliyohitaji mahandaki na madaraja mengi, na waliokufa katika ujenzi huo walikuwa Watanzania na Wazambia pamoja na Wachina, ambao baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Abiria anayepita gizani kwa sekunde chache akiwa amekaa kwenye behewa hakumbuki hayo. Mbele ya Streeton atayakumbuka, na hapo atakuwa ameusoma mchoro bila kuhitaji shahada ya sanaa.

Wa pili ni The Golden Fleece wa Tom Roberts, wa mwaka 1894, unaoonyesha watu wakikata manyoya ya kondoo kwa mikasi ya mkono ndani ya banda la mbao. Tazama migongo iliyopinda na mwanga unavyoingia kwa nyuma. Mchoro huu hupendwa sana na Waaustralia kwa sababu unaitukuza kazi ya mikono iliyoutajirisha uchumi wao. Mimi naona umepambwa kidogo, maana hakuna aliyechoka humo.

Wa tatu ni wa Mwingereza Edward Poynter, aliyeuchora kati ya mwaka 1884 na 1890, na unaonyesha Malkia wa Sheba akiingia kwa Mfalme Sulemani. Upana wake ni zaidi ya mita tatu, na hadithi yake inajulikana kwa wasomaji wa Biblia na wa Kurani pia. Uende nao kwa tahadhari: nguzo za dhahabu, simba na tausi ni ndoto ya mtu wa London kuhusu Mashariki. Lakini ukiwa na watoto wapeleke hapo, wahesabu wanyama, na hutasikia malalamiko kwa robo saa.

Kwa kila mchoro kati ya hii fuata utaratibu ule ule wa Boma: tazama ukiwa mbali, sogea, kaa kwenye benchi kama lipo, soma maelezo, kisha tazama tena. Maneno ya Kiingereza usiyoyajua yapige picha uyatafute jioni, usiyaruhusu yakukatize.

Chini ya ardhi, na maonyesho ya kulipia

Rudi Naala Badu ushuke ngazi nyeupe za mzunguko hadi Tank. Hapo palikuwa na tangi la mafuta lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya meli za kivita, na jumba limeligeuza kuwa ukumbi wa sanaa wenye msitu wa nguzo za zege, kuta zenye madoa ya mafuta ya zamani na mwangwi mrefu. Kinachoonyeshwa humo hubadilika. Anayeogopa giza ashuke na mwenzake.

Maonyesho machache makubwa hulipiwa tiketi, na maarufu kuliko yote ni la Tuzo ya Archibald, shindano la picha za watu lililoanza mwaka 1921, ambalo kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka. Kama fedha inaruhusu, nenda. Ni onyesho ambalo watu wa kawaida wa Sydney hubishana kulihusu kama sisi tunavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Mwaka 1956 mshindi alikuwa William Dargie, mchoraji mzungu, kwa picha ya mchoraji wa Kiaborijini Albert Namatjira. Msanii wa Kiaborijini hakuishinda tuzo hiyo hadi mwaka 2020, na aliyeishinda alikuwa Vincent Namatjira, kitukuu cha Albert.

Mambo madogo ya kumalizia

Lifti zipo katika majengo yote mawili, na viti vya magurudumu huazimwa mapokezi, kwa hiyo mzee au mtu mwenye ulemavu asiachwe hotelini. Chakula cha mgahawani ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi. Beba chako, ukile nje kwenye nyasi za Domain au bustanini, kisha urudi ndani, maana hakuna anayezuia kuingia mara ya pili siku hiyo hiyo. Dukani, kadi za picha ni nafuu kuliko vitabu na hazina uzito kwenye mzigo wa ndege. Begi lako lichukue mapema kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu muda wa kufunga ukikaribia foleni ya mizigo hurefuka ghafla.